WAKTI WA SALA YA ISHA: SHAFAKI, SAA NA KALENDA KATIKA MITAA YETU YA EASTLANDS



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake, somo letu la leo ni juu ya wakti wa sala ya Isha. Huenda msomaji akaliona jambo hili kuwa dogo, akasema kuwa hata mtoto wa chuoni ajua kuwa Isha husaliwa usiku. Lakini jambo lililo sharti ya kusihi kwa sala halina udogo. Mwenye kusali bila ya udhu hana sala. Na mwenye kusali kabla ya wakti kuingia naye yu hali hiyo hiyo, hata akisoma kwa tajuwidi nzuri na akasujudu kwa unyenyekevu mwingi.

Tumelileta somo hili kwa sababu wengi wa wasomaji wetu ni watu wa pwani. Wametoka Mombasa, Lamu, Malindi na Vanga, wakapanda bara kwa kazi, biashara na masomo, na leo wakaa Pumwani, Majengo, Eastleigh, Kaloleni, Bahati, Buruburu, Umoja na Kayole. Wamekuja na dini yao, na hilo ni la kushukuriwa. Lakini wengine wamekuja na mazoea ya saa vile vile. Utawasikia wakisema: "Isha ni saa moja na nusu." Masika ni saa moja na nusu, na kiangazi ni saa moja na nusu. Nasi twataka kuonyesha, kwa dalili na kwa hesabu, kuwa saa moja na nusu ya Nairobi katika miezi fulani ni Isha, na katika miezi mingine ingali Maghribi.

ALAMA ILIYOWEKWA NA SHARIA

Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Suratun-Nisaa, aya ya 103, kwamba sala ni faradhi juu ya Waumini iliyowekewa nyakati zake. Na nyakati hizo hazikufungwa na chombo kinachotengenezwa na mwanadamu. Zimefungwa na jua, kwa sababu jua huonwa na mwenye elimu na asiye na elimu, tajiri na maskini, wa mjini na wa shamba.

Katika hadithi ya Ibn Abbas waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, Jibrili (A.S.) alimsalisha Mtume (S.A.W.) siku mbili mbele ya Al-Kaaba ili kumwonyesha mwanzo na mwisho wa kila wakti. Siku ya kwanza alimsalisha Isha ilipopotea shafaki. Siku ya pili alimsalisha ilipopita thuluthi ya usiku. Na katika Sahihi Muslim, kwa riwaya ya Abdullah bin Amr, imeelezwa kuwa wakti wa Maghribi waendelea maadamu shafaki haijapotea, na wakti wa Isha waendelea hata nusu ya usiku.

Basi alama ni moja tu, nayo ni kupotea kwa shafaki. Alama hiyo hiyo inayofunga mlango wa Maghribi ndiyo inayofungua mlango wa Isha. Mwenye kuijua moja ameijua ya pili.

SHAFAKI NI NINI?

Jua likishachwa, upande wa magharibi hubaki na mwangaza. Kwanza huwa wekundu wenye kuchanganyika na rangi ya manjano. Kisha wekundu hufifia ukaondoka, ukabaki weupe ulio chini karibu na upeo wa macho. Kisha nao weupe huondoka, kukawa giza tupu.

Maimamu watatu, Malik, Shafii na Ahmad, wamesema kuwa shafaki ni ule wekundu. Abu Yusuf na Muhammad, wanafunzi wawili wakubwa wa Imamu Abu Hanifa, nao wamesema hivyo. Imamu Abu Hanifa mwenyewe amesema kuwa ni ule weupe unaokuja baada yake. Kwa hivyo, ndugu zetu wengi wenye asili ya Bara Hindi hapa Nairobi, ambao ni Wahanafi, wakichelewesha Isha dakika chache baada ya Mashafii, wana imamu wao na dalili yao, wala haifai kuwakejeli. Nao wakituona twatangulia kidogo wasituone kuwa tumevunja sala. Ikhtilafu hii ni ya dakika, na ina elimu ndani yake. Tunalolikataza ni kusali pasi na shafaki yoyote kuangaliwa, si ya wekundu wala ya weupe.

SAA YA WAZEE WETU NA SAA YA LEO

Pengine mtu atauliza: "Je, wazee wetu waliosali saa moja na nusu walikosea?" Jawabu ni kuwa yatupasa kwanza kuuliza saa yao ilikuwa ipi.

Hesabu ya saa ya Kiswahili, kama ile ya Waarabu wa zamani, ilianzia kuchwa kwa jua. Jua likichwa ilikuwa saa kumi na mbili kamili, na mwenye saa ya mfukoni aliirudisha hapo kila jioni. Kwa saa ya namna hiyo, shafaki ya pwani yetu hupotea baina ya saa 1 na dakika 5 na saa 1 na dakika 15, mwaka mzima. Mwenye kuadhini saa moja na nusu alikuwa amesalimika siku zote, na tena alikuwa na akiba ya robo saa.

Leo jina la saa limebaki, lakini msingi wake umeondoka. Saa rasmi ya Kenya haifuati kuchwa kwa jua la Mombasa wala la Nairobi. Inafuata mstari wa digrii 45 mashariki, ambao haugusi ardhi ya Kenya hata kidogo, bali unapita karibu na Mogadishu. Nairobi iko kwenye digrii 36 na dakika 49, yaani magharibi sana ya mstari huo. Kwa kuwa jua hukata digrii moja kwa dakika nne za saa, adhuhuri ya Nairobi huchelewa kwa wastani wa dakika 33 baada ya saa sita kamili ya saa rasmi. Basi anayesema "saa moja na nusu" leo ametamka neno la babu yake, lakini amekusudia wakti mwingine.

JUA LA NAIROBI LINAVYOKWENDA

Watu wa Nairobi husema kuwa hapa usiku na mchana ni sawa mwaka mzima, kwa kuwa mji uko karibu na Ikweta. Ni kweli kuwa urefu wa mchana haubadiliki sana. Lakini saa ya kuchwa kwa jua hubadilika, kwa sababu mwendo wa dunia kulizunguka jua si wa kasi moja, na mhimili wake umeinama. Kwa ajili ya mambo mawili haya, mwanzo wa Novemba jua huitangulia saa kwa dakika kama 16, na katikati ya Februari huchelewa nyuma yake kwa dakika kama 14.

Tazama matokeo yake. Mwanzo wa Novemba jua huchwa Nairobi takriban saa 12 na dakika 21 jioni. Katikati ya Februari huchwa takriban saa 12 na dakika 52. Hapo kuna nusu saa nzima baina ya miezi hiyo miwili, na ukuta wa msikiti ukali umetundikwa saa ile ile.

Sasa tupime Isha. Tukichukua hesabu ya jua kufika digrii 17 chini ya upeo wa macho, Isha ya mwanzo wa Novemba huingia kama saa 1 na dakika 28, na Isha ya katikati ya Februari kama saa 1 na dakika 58. Mwezi wa Machi tarehe 21 ni kama saa 1 na dakika 48. Juni tarehe 21 na Disemba tarehe 21 ni kama saa 1 na dakika 47.

Basi jamaa inayosimama saa moja na nusu mwezi wa Novemba imesali ndani ya wakti, kwa tofauti ya dakika mbili tu. Jamaa hiyo hiyo ikisimama saa moja na nusu mwezi wa Februari imesimama dakika 38 tu baada ya jua kuchwa. Wakti huo jua liko kama digrii 10 chini ya upeo wa macho, na wekundu ungali mbinguni. Hata kwa hesabu nyepesi, ile ya digrii 15, Isha ya siku hiyo haiingii mpaka saa 1 na dakika 50. Wala si Nairobi peke yake. Mombasa nako katikati ya Februari jua huchwa kama saa 12 na dakika 43, na Isha huingia kama saa 1 na dakika 50.

Na wanaoingia katika kosa hilo si wale walio msikitini peke yao. Yuko mama nyumbani Kaloleni anayengoja adhana asali, apate kuwalaza watoto. Yuko mgonjwa kitandani. Yuko mlinzi anayetaka kusali kabla ya kushika zamu yake ya usiku. Wote hao wamemwamini mwadhini. Adhana ni amana, na mwenye kuitoa kabla ya wakti amezibeba sala za watu shingoni mwake.

KALENDA YA MOMBASA SI YA NAIROBI

Wako wanaotundika nyumbani kalenda ya sala iliyoletwa kutoka Mombasa, na wako wanaosikiliza adhana ya Mombasa katika redio. Mombasa iko mashariki ya Nairobi kwa karibu digrii tatu, kwa hivyo jua huchwa huko kwanza. Tofauti hiyo si moja mwaka mzima: mwezi wa Disemba ni kama dakika 7, na mwezi wa Juni ni kama dakika 16, kwa kuwa Mombasa iko kusini zaidi. Mwenye kufunga saumu Buruburu akifuturu kwa adhana ya Mombasa amekula mchana, na jua alionalo dirishani ni shahidi juu yake. Kalenda ya mji ni ya mji huo.

MACHO YETU NA TAA ZA MJI

Msomaji atasema: "Ikiwa alama ni shafaki, basi na tutoke nje tuitazame." Hilo ndilo asili, na laiti lingaliwezekana kila siku. Lakini mtu wa Eastlands akitazama magharibi aona nini? Aona majumba ya ghorofa, moshi, na mwangaza wa taa za katikati ya mji. Juu ya kichwa chake yako mataa marefu ya mulika mwizi. Na miezi ya Juni hadi Agosti mawingu hufunika mbingu wiki nzima. Wekundu auonao huenda ukawa wa taa, wala si wa jua.

Ndipo ilipohitajika hesabu. Wala hesabu si bidaa iliyoletwa na simu. Misikiti mikubwa ya Kiislamu ilikuwa na muwakkiti, yaani mtu aliyewekwa kwa kazi ya kujua nyakati. Ibn al-Shatir, mwanafalaki mkubwa wa karne ya 14, alikuwa muwakkiti wa Msikiti wa Bani Umayya mjini Damascus, na aliutengenezea msikiti huo saa ya jua mwaka 773 Hijria. Wanafalaki wa zama hizo walitazama mbingu kwa macho, wakapima, wakaandika majedwali. Wengi wao walikadiria kupotea kwa shafaki kwenye digrii 17 au 18. Hesabu kwao ilikuwa mtumishi wa alama, wala haikuwa badala yake.

Basi nasi na tufanye hivyo. Inafaa watu wachache waaminifu, wenye macho mazuri, watoke mara kadhaa kwa mwaka kwenda mahali penye giza na upeo ulio wazi, kama vile ukingo wa Bonde la Ufa ng'ambo ya Ngong, waangalie wekundu wapotea dakika ngapi baada ya jua kuchwa, na waandike. Kalenda iliyothibitishwa kwa macho hutuliza nyoyo kuliko kalenda iliyonakiliwa tu.

SIMU NA HESABU ZAKE

Siku hizi wengi hutegemea simu. Simu ni chombo kizuri, lakini hufuata inavyoamrishwa. Ndani yake mna hesabu kadhaa, na mwenye simu aghalabu hajui ni ipi aliyoichagua. Hesabu ya Rabita ya Makka ni digrii 17 kwa Isha. Ya Karachi ni digrii 18. Ya Misri ni digrii 17 na nusu. Ya jumuiya ya Waislamu wa Amerika ya Kaskazini ni digrii 15. Na ile ya Ummul-Kura, inayotumika Saudia, haitazami digrii katika Isha. Huhesabu dakika 90 baada ya Maghribi, na dakika 120 katika Ramadhani.

Kwa jua la Nairobi, linaloshuka karibu wima, digrii 15 ni kama dakika 57 hadi 62 baada ya Maghribi, digrii 17 ni kama dakika 65 hadi 71, na digrii 18 ni kama dakika 69 hadi 75. Ndiyo sababu watu wawili wakiwa kwenye benchi moja Eastleigh, simu ya mmoja ikaadhini na ya mwenziwe ikanyamaza, wakaanza kubishana. Hakuna haja ya ubishi. Mwenye kufuata digrii 17 au 18 amechukua ihtiyati, na baina ya hizo mbili ni dakika nne au tano tu. Mwenye kungoja dakika 90 sala yake ni sahihi, kwani amesali ndani ya wakti. Ila asidhani kuwa kabla ya hapo Isha haijaingia, akamkataza mwenziwe. Na aliye na digrii 15 twamnasihi angoje dakika kumi au kumi na tatu zaidi, kwani kuingia kwa wakti hakujengwi juu ya shaka.

Mafakihi wa Kishafii wamesema wazi: mwenye kusali pasi na kujua wala kujitahidi kuutafuta wakti, sala yake haisihi hata ikitokea kuwa aliangukia ndani ya wakti. Na mwenye kujitahidi, kisha ikabainika kwa yakini kuwa alisali kabla ya wakti, na airudie. Kungoja kidogo ni kwepesi kuliko kurudia.

FAIDA KWA WAFANYAKAZI

Somo hili lina bishara ndani yake vile vile. Wako ndugu wanaotoka kazini mjini, wakakwama katika msongamano wa Jogoo Road, jua likawachwea ndani ya matatu. Wakifika nyumbani dakika arubaini baada ya jua kuchwa husema, "Maghribi imekwisha pita," wakaisali kadha pamoja na Isha, au wakaiacha kwa kukata tamaa. Dhana hiyo yatokana na kauli mpya ya Imamu Shafii, kwamba wakti wa Maghribi ni mfupi. Lakini maulamaa wakubwa wa madhehebu, na Imamu Nawawi ni katika wao, wamesahihisha kauli yake ya zamani, kwamba Maghribi yaendelea hata kupotea shafaki, kwa ajili ya hadithi zilizosihi. Basi ndugu huyo angali na Maghribi yake kwa muda wa nusu saa hivi, na aisali ada.

Na Isha haina haja ya kukimbiliwa. Mtume (S.A.W.) alipenda kuichelewesha, lau si kuwaonea mashaka umati wake. Chukua mfano wa tarehe 21 Machi: jua lachwa Nairobi kama saa 12 na dakika 43, na alfajiri yaingia kama saa 11 na dakika 28. Usiku ni saa 10 na dakika 45. Thuluthi yake yaisha kama saa 4 na dakika 18, na nusu yake kama saa 6 na dakika 5. Basi kati ya saa 1 na dakika 48 na saa 4 na dakika 18 mna nafasi ya kutosha kwa mwenye duka kufunga, kwa mama kulaza watoto, na kwa jamaa kukusanyika. Kwa nini basi msikiti ukimbilie kusali robo saa kabla ya wakti, ilhali Mwenyezi Mungu ameweka saa mbili na nusu baada yake?

LA KUFANYA

Kwanza, kila kamati ya msikiti na iondoe saa moja isiyobadilika, na ifuate kalenda iliyotengenezwa kwa ajili ya Nairobi. Ikiwa watu wahitaji saa isiyogeuka kwa sababu ya kazi zao, basi na iwe saa mbili na dakika kumi, ambayo ni salama katika miezi yote kumi na miwili kwa digrii 17 na 18.

Pili, misikiti ya mtaa mmoja na ishauriane, ili adhana zisigongane kwa tofauti zisizo na sababu.

Tatu, kila mwenye simu na aifungue atazame hesabu iliyomo na mji uliowekwa, kabla ya kuitegemea.

Nne, watoto wetu katika madrasa na wafundishwe shafaki kwa kuonyeshwa mbinguni, wala isiwe ni neno la kitabuni tu. Mtoto wa Umoja akipelekwa pwani likizoni, na asimamishwe jioni aone wekundu unavyoondoka. Akishauona mara moja hatausahau.

Na ikiwa yuko asomaye haya akakumbuka kuwa msikiti wake husimama mapema, asiende kugombana na imamu mbele ya watu. Na amwendee faragha, kwa adabu, na hesabu mkononi. Ada ikivunjwa kwa matusi hurudi. Ikiondolewa kwa elimu haina pa kurudi.

MASWALI YA DARASA

1. Ni alama gani inayomaliza Maghribi na kuanza Isha, na maimamu wamehitilafiana nini juu yake?
2. Kwa nini saa moja na nusu ya wazee wetu ilikuwa salama, na ya leo si salama?
3. Jua likichwa saa 12 na dakika 36, na alfajiri ikawa saa 11 na dakika 18, nusu ya usiku ni saa ngapi?

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuzihifadhi sala zetu na nyakati zake. Wallahu aalam.